Gari likigoma Rusinga, mwite fundi kabla ya jua

Magari mengi makuukuu ya Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, hufikishwa kwa fundi saa ambayo ugonjwa umeshaondoka.

Mvua imenyesha usiku. Saa kumi na mbili asubuhi gari limekataa kuwaka. Mwenyewe amepiga stata mpaka betri imeanza kuchoka, vijana wa jirani wameitwa wakasukuma, wapi. Saa nne jua limeshachoma, mtu anajaribu mara moja tu na injini inashika, inanguruma vizuri kana kwamba hakuna lililotokea. Basi gari linaendeshwa, linavuka daraja, linafika gereji Mbita mjini. Fundi anapiga stata: linawaka. Anazima, anapiga tena: linawaka. Anasema halina neno, lakini kwa kuwa mteja ametoka mbali na hapendi kurudi mikono mitupu, anapendekeza plagi mpya. Plagi zinafungwa. Wiki inayofuata mvua inanyesha tena na gari liko palepale.

Nimeona watu wakipoteza pesa kwa njia hii mwaka baada ya mwaka. Wananunua betri mpya, wanabadilisha stata, wanabadilisha pampu ya mafuta, na mwishowe wanaliuza gari kwa bei ya kutupa wakiamini lina mkosi. Kumbe hakuna aliyelipima likiwa linaumwa. Gari linalogoma kwa sababu ya unyevu lichunguzwe likiwa na unyevu. Fundi aende kwenye gari alfajiri, au gari lilale kwa fundi, nje, bila turubai.

Jambo hili lina uzito wake kisiwani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyetaka kutoka Rusinga alivuka maji. Kisha likajengwa tuta la kuunganisha kisiwa na bara pale Mbita, na baadaye sehemu ya tuta hilo ikapisha daraja ili maji ya ziwa yaweze kupita tena chini yake. Tangu hapo gari limechukua kazi nyingi zilizokuwa za mashua. Mama aliyeshikwa na uchungu upande wa Kaswanga usiku wa mvua, mgonjwa anayetakiwa kufikishwa hospitali iliyo Mbita, mfanyabiashara anayewahi samaki kabla barafu haijayeyuka: wote hao wanategemea gari moja la jirani ambalo aghalabu ni kuukuu. Kwao gari lisilowaka alfajiri ni hatari ya kweli.

Na ni lazima liwe kuukuu. Sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa magari yaliyotumika ambayo hayajapita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo gari likishuka Mombasa tayari limekula chumvi kidogo. Hukaa na mwenyewe wa kwanza Nairobi, wa pili pengine Kisumu au Kisii, na likifika huku Homa Bay huwa limepita mikono mitatu au minne, kila mkono umebadilisha kitu na kila mkono umepoteza skrubu. Toyota Corolla za miaka ya 1990 bado zinatembea pande hizi. Ukienda maboma ya wazee utakuta pia pikapu za zamani zaidi ya hizo, zenye kabureta na choki.

Tuitazame hali ya hewa yenyewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000 na liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Maji hushikilia joto usiku kucha wakati nchi kavu inapoa, na ndiyo sababu mawingu mengi ya radi ya ziwa hili hujijenga gizani na kumwaga mvua zake kuelekea mapambazuko. Masika ni kuanzia Machi hadi Mei, vuli ni kuanzia Oktoba hadi Desemba. Hata katikati ya hapo, siku ambayo hakujanyesha tone, hewa ya alfajiri huwa imebeba maji mengi, na chuma kilichopoa chini ya boneti hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji.

Maji peke yake, yakiwa safi kabisa, hayapitishi umeme kwa urahisi. Yanayopitisha ni yale yaliyoyeyusha chumvi na uchafu, na hapo ndipo vumbi la Rusinga linapoingia. Udongo wa kisiwa hiki kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano ya kale ya Kisingiri, yaliyomwagika takriban miaka milioni 18 iliyopita. Majivu hayo yana wingi wa kaboneti, na ndiyo yaliyohifadhi mifupa ya wanyama wa zamani vizuri kiasi kwamba mwaka 1948 Mary Leakey aliokota hapa fuvu la sokwe wa kale lililopata sifa dunia nzima. Kiangazi, magurudumu huyapeperusha majivu hayohayo mpaka chini ya boneti, yakatua juu ya koili, juu ya waya za plagi, juu ya kifuniko cha distributa, yakachanganyika na mvuke wa oili unaopenya kwenye gasketi zilizochoka. Kavu, tabaka hilo halina madhara makubwa. Likilowa, linakuwa njia ya umeme.

Kwa nini basi umeme uitafute njia hiyo alfajiri tu?

Mfumo wa kuwasha injini kwa betri, koili na distributa uliasisiwa na Mmarekani Charles Kettering na kuingia kwenye magari ya Cadillac kuanzia 1910. Umeboreshwa mara nyingi lakini kiini chake hakikubadilika hadi kwenye Corolla hizo za miaka ya 1990. Koili huchukua volti 12 za betri na kuzizidisha mpaka kufika volti 20,000 au hata 30,000. Umeme huo mkali hupita waya mnene wa katikati, ukaingia kwenye distributa, ambamo rota inayozunguka huugawa kwa zamu kwenye waya nne za plagi. Mwishoni kabisa unatakiwa kuruka nafasi ya milimita moja hivi iliyo kwenye ncha ya plagi, ndani ya mchanganyiko wa hewa na petroli uliobanwa, ili utoe cheche.

Kuruka nafasi hiyo si kazi ndogo. Umeme ukipewa njia nyingine nyepesi, hautaruka. Na wakati wa kuwasha ndipo unapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, kwa sababu stata inapozunguka inanyonya betri mpaka volti zinashuka hadi 10 au chini kidogo, na koili ikipewa kidogo hutoa kidogo. Hapo sasa utando wa maji na vumbi juu ya kifuniko unashinda. Cheche inavujia kwenye chuma cha injini kabla ya kufika kwenye plagi. Lakini injini ikibahatika kushika, alternata inapandisha volti hadi 14 hivi, joto linakausha kila kitu, na uvujaji unakoma. Ushahidi umefutwa. Ndiyo maana gari linalofika gereji saa sita mchana haliwezi kumwonyesha fundi chochote.

Kabla ya kugusa spana, sikiliza. Hapa naomba msomaji asiwe na haraka, maana pesa nyingi hupotea kwenye hatua hii ya kwanza. Kama stata inazunguka polepole, kwa kusuasua, au inapiga "tak" moja na kunyamaza, tatizo liko kwenye betri, kwenye vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe au wa kijani, au kwenye waya wa eathi unaounganisha injini na bodi. Betri nzima iliyojaa hupima volti 12.6 gari likiwa limelala, na ikipima 12.2 imebaki nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Waya wa eathi husahaulika mno. Kando ya ziwa hula kutu pale ulipofungwa kwa bolti, na kutu ile huzuia umeme hata kama betri ilinunuliwa jana.

Kama stata inazunguka kwa nguvu, kwa mwendo wake wa kawaida, na injini haishiki, iache betri. Tafuta cheche.

Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Kamasengre alikuwa na Corolla ya namna hiyo, na alikuwa ameshanunua betri. Fundi kijana aliyetoka Mbita alifika kwa bodaboda kabla hakujapambazuka vizuri, majani yakiwa bado yanadondosha maji ya usiku.

"Fundi, wenzako wote walisema ni betri," mwalimu alimwambia.

"Betri ikichoka, mwalimu, stata yenyewe husema. Hebu piga nisikie."

Mwalimu akapiga. Stata ikazunguka vizuri. Fundi hakusema kitu, akafungua boneti na kumulika kwa tochi ya simu. Hakugusa. Alitazama kwanza, kwa muda ambao mwenye gari alianza kuona ni mrefu. Kifuniko cha distributa, cheusi, kilikuwa na vitone vidogo vya maji vilivyoshikana juu ya vumbi na kulifanya tope jembamba. Akaulizia kifuniko kile.

"Kimewahi kubadilishwa, mwalimu?"

"Tangu ninunue gari, hapana. Nimebadilisha plagi mara mbili."

"Plagi hazikuwa na kosa."

Alitoa skrubu za kifuniko na kukigeuza kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na ukungu wa maji, hilo lilionekana mara moja. Lakini alichokuwa akikitafuta kilikuwa kidogo zaidi. Alipangusa kwa ncha ya kitambaa kikavu, akasogeza tochi ubavuni ili mwanga ulale, na hapo ukajitokeza mstari mweusi mwembamba, uliopindapinda, ukianzia kwenye mguu mmoja wa shaba na kuteremka hadi ukingo wa kifuniko unapokaa juu ya chuma. Alipitisha ukucha. Haukubanduka. Huo ni mkaa: cheche zilizovuja kwa muda mrefu zimeunguza plastiki yenyewe na kuigeuza kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Mvua haikuleta ule mstari. Ulikuwapo miezi mingi, ukiongezeka kidogo kila alfajiri gari liliposumbua.

Katikati ya kifuniko mna kijiti cha kaboni chenye springi kinachogusa rota. Kilikuwa kimelika mpaka kinakaribia kutoweka. Ncha ya rota ilikuwa imeungua na kuota unga wa kijivu. Na pale ambapo kifuniko hukaa, pangekuwa na mpira mwembamba wa kuzuia maji. Haukuwapo. Fundi fulani wa zamani alifungua, ukaanguka, akafunga bila kuurudisha. Kwa maoni yangu mpira ule uliopotea ndio uliokuwa chanzo cha yote. Vitu vidogo vya namna hii havionekani kwenye risiti ya mtu yeyote, lakini ndivyo vinavyoamua kama gari litawaka mvua ikinyesha.

Fundi alikausha kifuniko ndani na nje, akakausha rota, akapangusa waya zote, akafunga. Stata ilizunguka mara mbili na injini ikashika. Kushika kwake ndiko kulikothibitisha. Tangu alipofika hakuwa amebadilisha kitu ila unyevu.

Si kila kosa huonekana kwa macho. Waya za plagi zinaweza kuwa zimepasuka nyufa nyembamba kiasi cha kutoonekana, na koili inaweza kuvuja kupitia ufa ulio chini ya kichwa chake. Hapo kuna kipimo kimoja cha zamani ambacho hakigharimu chochote na ambacho natamani kila fundi wa jua kali angekifanya. Subiri giza. Washa gari likiwa kavu, fungua boneti, zima taa zote. Kisha chukua chupa ya kunyunyizia ya saluni, weka maji, na unyunyize ukungu mwembamba, sehemu moja kwa wakati: kwanza koili, ngoja, halafu waya wa katikati, ngoja, halafu waya ya kwanza, ya pili, na kuendelea, mwisho kifuniko cha distributa. Panapovuja utaona mwanga wa samawati ukirukaruka na kusikia mlio mkavu wa kutatarika, na injini itaanza kukohoa au kuzima kabisa. Umeshalipata kosa, na unajua liko kwenye kipi kati ya vitu hivyo.

Usimwage maji kwa kikombe, maana ukilowesha vyote pamoja hutajua kilichovuja ni kipi. Na mikono ikae mbali. Volti zile zinaweza kumrusha mtu, na mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asisogee kabisa. Wapo pia mafundi wanaochomoa waya na kuushika karibu na chuma ili kuona moto ukiruka. Kwenye magari yenye mfumo wa elektroniki hilo laweza kuua moduli, kwa kuwa umeme usiopata pa kwenda hurudi ndani. Njia salama ni kuchukua plagi ya ziada, kuichomeka kwenye waya, kuilaza mwili wake ukigusa chuma cha injini vizuri, na mtu mwingine apige stata. Moto mzuri huwa mweupe wenye ubuluu na hulia. Moto wa manjano, mwembamba, ni dhaifu.

Waya zenyewe hupimwa kwa mita. Toyota huweka kikomo cha kilo-omu 25 kwa kila waya kwa injini zake nyingi za wakati ule. Ukikuta moja inapima maradufu ya wenzake, au haisomi kabisa, imekufa ndani hata kama ngozi yake inang'aa. Kwenye baadhi ya Toyota hizo koili imefichwa ndani ya distributa yenyewe, hivyo asiyeijua ataizunguka injini nzima akiitafuta. Na plagi zikitolewa zisome: iliyolowa petroli inasema mafuta yanafika lakini moto haufiki, kavu kabisa inasema mafuta hayafiki.

Hii kavu inatupeleka kwingine. Rusinga ina injini nyingi za boti, na petroli huuzwa kwenye fukwe kwa mitungi na chupa za plastiki, ikimiminwa na kumiminwa tena chini ya mvua. Maji huingia. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi, pale pampu inapofyonzea, na usiku mzima gari likiwa limetulia hujikusanya yote hapo. Alfajiri kinachofika kwenye injini kwanza ni maji. Mtu akisikia kwamba gari hugoma asubuhi za mvua ataulaumu unyevu wa hewa, kumbe maji yamo ndani ya tangi. Kuhakikisha ni rahisi: toa mafuta kidogo kwenye bomba linaloingia injini, injini ikiwa baridi na pasipo moto wowote karibu, uyatie kwenye chupa angavu, uiache itulie. Kama kuna maji utayaona chini, na mstari unaoyatenga na petroli hauna utata.

Kwenye gari lenye injekta kuna kitu kingine ambacho mafundi wetu hukisahau, nacho ni sensa ya joto la maji ya injini. Ni kidude kidogo chenye waya mbili ambacho upinzani wake hupungua joto linapopanda, na kompyuta hukitumia kuamua imwage petroli kiasi gani wakati wa kuwasha. Soketi yake ikiota kutu ya kijani, upinzani unaongezeka, kompyuta inaamini injini ni baridi kuliko ilivyo, inamwaga petroli kupita kiasi, plagi zinalowa, gari linazama mafuta. Ukisikia harufu kali ya petroli kwenye ekzosi baada ya kupiga stata mara kadhaa, kanyaga aksilereta hadi mwisho na upige stata bila kuachia. Kwenye magari mengi ya injekta kompyuta hupunguza au hukata mafuta mguu ukiwa chini kabisa, plagi zikapata nafasi ya kukauka. Ukishawasha, chomoa soketi ile na uitazame.

Soketi na rilei kwa jumla zinateseka katika ukanda huu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia kiwango kilichowekwa miaka ya 1960, maji yakaingia nyumba na viwanja vya kando ya ufuo Homa Bay na kwingineko, na magari yaliyoegeshwa karibu na maji wakati ule yalilowa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kupakausha. Wengine hujiletea wenyewe. Gari linapelekwa ufuoni kuoshwa, kijana anafungua boneti na kumwaga ndoo ya maji ya ziwa juu ya injini ili ing'ae. Sioni faida yoyote ya mng'ao huo. Na barabara za murram zikiwa na madimbwi, gari ambalo plastiki ya chini ya injini iling'oka kitambo linajirushia maji lenyewe hadi kwenye distributa, kwa hiyo kuirudisha plastiki ile ni sehemu ya tiba.

Probox na Toyota nyingine nyingi za tangu miaka ya 2000 hazina distributa. Kila plagi imekalishiwa koili yake juu, na uvujaji wa unyevu umepungua sana. Haukuisha. Maji ya kuoshea injini yakiingia kwenye kisima cha plagi, au gasketi ya juu ikivujisha oili humo, mpira wa koili huharibika na injini hutetemeka asubuhi. Dizeli haina cheche kabisa, hivyo isipowaka alfajiri tazama plagi za kupashia joto, betri na hewa iliyoingia kwenye bomba la mafuta.

Tunao pia mafundi ambao wameuelewa unyevu kuliko sisi wa nchi kavu, nao ni wale wa injini za boti. Fundi wa boti akifungua soketi hairudishi mpaka ameikausha, na huipaka grisi kabla ya kuifunga. Hana haja ya kuambiwa, kwa sababu injini yake ikizima iko katikati ya maji na watu wamo ndani. Sioni kwa nini desturi hiyo isipande ufuoni hadi kwenye gereji. Grisi ya silikoni kidogo ndani ya kofia za waya za plagi, mahali waya unapoingia kwenye kifuniko, hufukuza maji kwa muda mrefu.

Kuna dawa ya kunyunyizia inayojulikana kila duka la spea, WD-40. Ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji ili chuma cha makombora kisile kutu, na hata jina lake latokana na kazi hiyo. Kwa kuwasha gari asubuhi moja ya mvua inafaa: nyunyiza kwenye kifuniko na waya, ngoja mvuke wake uishe maana unashika moto, pangusa, kisha piga stata. Lakini inaacha mafuta, mafuta yanashika vumbi, na vumbi la Rusinga nimeshalieleza. Anayeinyunyiza kila asubuhi anaujenga upya ule utando anaoupiga vita. Petroli ya kusafishia waya, ambayo wengine huimwaga kwa chupa, isitumike hata kidogo. Cheche moja iliyovuja itaunguza gari zima.

Waingereza walioendesha Mini, gari lililotoka mwaka 1959 likiwa na distributa nyuma tu ya wavu wa mbele, walikuwa wakizimikiwa na injini kila waliposhikwa na mvua kubwa. Walichofanya ni kuivisha distributa glavu ya mpira, vidole vikakatwa ncha, na kila waya ukapita kwenye kidole chake. Huku kwetu nimeona karatasi ya nailoni ikifanya kazi hiyohiyo. Nailoni huyeyuka, na ikifungwa kila upande hufungia mvuke ndani. Glavu nzito ya jikoni, iliyoachwa wazi kwa chini, ni bora mara nyingi, ingawa haiwezi kuponya kifuniko ambacho tayari kina mstari wa mkaa.

Kifuniko cha namna hiyo hubadilishwa. Kukikwangua kwa msasa huleta nafuu ya siku chache, kisha umeme hupita palepale. Kinunuliwe pamoja na rota, na mpira wake uwemo. Waya zihamishwe moja baada ya nyingine kutoka kifuniko cha zamani kwenda kipya bila kuzitoa zote kwa pamoja, kwa sababu injini hizi hulipuka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukizichanganya gari halitawaka hata jua likiwa utosini. Spea zipo Kisumu, nyingine Homa Bay mjini, zikiwa za viwango tofauti sana. Nenda na kifuniko cha zamani mkononi, ukilinganishe na kipya: miguu ya ndani iwe ya shaba au aluminiamu iliyokaa imara, kijiti cha kaboni kirudi chenyewe ukikibonyeza, ukingo ukae juu ya mpira bila kuyumba. Na safari hiyo ifanywe Februari, wakati duka halina foleni na barabara ni kavu, kabla ya mvua ya kwanza ya Machi.